Masharti Kabla ya Nguvu: Ushauri kwa Anayeandika Fantasia ya Mjini

Ukiandika riwaya ambamo jini anapanda mwendokasi Kimara, au mganga anapokea malipo kwa simu na kutuma dawa kwa bodaboda, tayari umeingia katika fantasia ya mjini. Ni hadithi ya maajabu inayotokea katika mji wa leo, wenye foleni, kodi ya nyumba, polisi na umeme unaokatika. Waandishi wengi vijana wa Kiswahili wanaipenda, nami nafurahi, kwa kuwa miji yetu imejaa mambo ya kuandikwa. Hata hivyo, miswada mingi ya aina hii huanguka mahali pale pale. Shujaa anapata nguvu katika sura ya pili, anaijaribu katika sura ya tatu, na kufikia sura ya saba hakuna asichokiweza. Ili pambano lisiishe mapema, adui naye anaongezewa nguvu. Msomaji anabaki akitazama watu wawili wakirushiana radi, hajui nani anaweza nini, wala hana cha kuhofia.

Ushauri wangu ni mmoja: weka masharti kabla ya nguvu. Kabla hujaamua uchawi wako unaweza nini, amua hauwezi nini, unamgharimu nini anayeutumia, na unagusana vipi na maisha ya mji. Waliofanikiwa katika utanzu huu ndivyo walivyofanya, na inafaa tuwatazame kazini.

Utanzu wenyewe si wa jana. Mwaka 1987 Emma Bull alitoa War for the Oaks, riwaya ambayo viumbe wa hadithi za kale za Ulaya wanapigana vita ndani ya Minneapolis na kumkamata mwanamuziki wa roki katikati yao. Lakini aliyefundisha wengi namna ya kuufunga uchawi kwa masharti ni Jim Butcher, kwa mfululizo wake wa Dresden Files ulioanza mwaka 2000 kwa kitabu Storm Front. Shujaa wake, Harry Dresden, ni mchawi wa Chicago aliyejiandikisha wazi katika kitabu cha simu. Kazi yake ni upelelezi wa kukodiwa. Anadaiwa kodi, na polisi humwita yanapotokea mauaji wasiyoyaelewa.

Angalia Butcher alivyomnyima mtu huyu. Mitambo ya kisasa huharibika karibu na mchawi, kwa hiyo Dresden hana kompyuta, na nyumbani kwake hakuna maji ya moto kwa sababu hita haidumu. Anasoma kwa mshumaa na kuendesha Volkswagen ya kizamani, maana gari la zamani halina vifaa vya umeme vingi vya kufa njiani. Sharti hilo moja limezaa nusu ya maisha yake. Limemfanya awe fukara wa vitu, limemtenga na watu wa rika lake, na kila anapohitaji kumwita mtu haraka, msomaji anajua kwamba simu inaweza kumsaliti. Mwandishi hahitaji kueleza upweke wa mchawi. Ameuweka bafuni, katika maji baridi.

Kisha kuna kizingiti. Katika ulimwengu wa Dresden, nyumba inayokaliwa na familia hujijengea ulinzi mlangoni. Kiumbe wa giza hupata taabu kuingia bila kukaribishwa, na hata mchawi akivuka bila ruhusa huacha sehemu kubwa ya nguvu zake nje. Kwa mtu anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga, ulinzi huo ni dhaifu. Msomaji wa Kiswahili haoni ugeni hapa, kwa kuwa amelelewa na hodi na karibu. Sasa jiulize sharti hili lingekuwaje Manzese au Kawangware, katika nyumba yenye wapangaji wa vyumba sita na ua mmoja, choo kimoja na mlango mkubwa usiofungwa mpaka saa tano ya usiku. Nani mwenye haki ya kusema karibu? Ni mwenye nyumba ambaye haishi hapo, mpangaji aliyekaa miaka mingi kuliko wote, au mtoto aliyetumwa kufungua mlango? Na mpangaji aliyechelewesha kodi miezi miwili, karibu yake bado ina nguvu? Mwandishi mwenye bidii anaweza kupata riwaya nzima katika maswali haya.

Butcher aliweka pia sheria. Wachawi wana baraza lao lenye sheria saba, ya kwanza ikikataza kumuua binadamu kwa uchawi, na adhabu yake ni kukatwa kichwa. Dresden aliwahi kuivunja akijitetea, kwa hiyo katika kitabu cha kwanza anafuatwa na mlinzi wa baraza anayetafuta sababu ya kummaliza. Sheria hizo zinalipa vizuri zaidi katika Dead Beat, kitabu cha mwaka 2005. Tunaambiwa kwamba kufufua wafu wa binadamu ni marufuku, kwamba maiti akiwa wa kale zaidi huamka na nguvu zaidi, na kwamba anayemwongoza aliyefufuliwa anahitaji mdundo wa ngoma usiokatika. Maelezo hayo yanakuja kidogo kidogo, katikati ya mambo mengine. Halafu Dresden anaingia katika makumbusho ya Field, ambako kweli kuna mifupa ya dinosaria maarufu aitwaye Sue, iliyonunuliwa mwaka 1997 kwa dola milioni 8.4. Dinosaria si binadamu, na hakuna maiti wa kale kumzidi. Dresden anamfufua, kisha anaingia mitaani amempanda mgongoni, nyuma yake yupo daktari wa chumba cha maiti anayependa muziki wa polka, akipiga ngoma ili mnyama asimponyoke. Tukio hilo lingekuwa upuuzi kama masharti yasingetangulia. Kwa kuwa yalitangulia, msomaji anaruka kwa furaha, maana alikuwa na vipande vyote mkononi na hakuviunganisha.

Hapo ndipo maneno ya Brandon Sanderson, mwandishi mwingine wa Marekani, yanapofaa. Mwaka 2007 aliandika insha akieleza kanuni ambayo kwa lugha yangu nitaisema hivi: kadiri msomaji anavyouelewa uchawi wako, ndivyo unavyoruhusiwa kuutumia kumtoa shujaa matatani. Asipouelewa, uchawi unaweza kuleta matatizo, hofu na mshangao, ila usiutumie kuyamaliza. Baadaye aliongeza kwamba mipaka ya nguvu inavutia kuliko nguvu yenyewe. Ukibandika ushauri mmoja ukutani mbele ya meza yako, naomba uwe huo wa kwanza. Mwisho wa riwaya nyingi za maajabu unaharibika kwa sababu shujaa anagundua, ukurasa wa 280, nguvu ambayo hakuna aliyeisikia kabla.

Sasa twende London. Ben Aaronovitch alitoa Rivers of London mwaka 2011, na shujaa wake ni Peter Grant, konstebo kijana ambaye mama yake anatoka Sierra Leone. Peter anagundua kwamba jeshi la polisi lina kitengo kidogo kinachoshughulikia uchawi, nako anafundishwa na ofisa wa mwisho mwenye ujuzi huo. Uchawi wake ni elimu. Inasemekana Isaac Newton ndiye aliyeupanga kwa utaratibu, na mwanafunzi anajifunza umbo moja moja akilini, kwa Kilatini, kwa mazoezi ya kuchosha. Kuwasha mwanga mdogo kiganjani kunamchukua Peter majuma. Akiulazimisha mwili kupita kiasi, ubongo unaharibika, na daktari anaweza kuuonyesha ubongo wa marehemu mezani ukiwa umejaa mashimo. Uchawi unaangamiza vifaa vya kielektroniki vikiwa vimewashwa, kwa hiyo Peter anaweka swichi ya kukata betri ya simu yake kabla ya kufanya lolote. Mtazame mtu huyu. Ni askari wa kizazi cha simu, na swali lake la kwanza kuhusu maajabu ni namna ya kuyapima. Anafanya majaribio na kuandika matokeo. Tabia yake na uchawi wake ni kitu kimoja.

Na uchawi unaacha alama mahali ulipotumika, kama harufu au sauti ambayo askari aliyefundishwa anaweza kuihisi. Huo ni ushahidi, na riwaya ya upelelezi inahitaji ushahidi. Aaronovitch alijua anaandika hadithi ya aina gani, akachagua sharti linaloitumikia.

Kitu kinachonivutia zaidi katika kitabu hicho ni mito. Mto Thames una mama, naye ni mwanamke wa Nigeria aliyefika London kusomea unesi. Mabinti zake ni mito midogo ya mji, baadhi yake, kama Fleet na Tyburn, imefukiwa chini ya barabara kweli na inapita katika mabomba hadi leo. Ukila au kunywa nyumbani kwao bila kuhakikishiwa kwanza kwamba hutadaiwa, umejifunga. Kwa sharti dogo hilo, kikombe cha chai kinakuwa hatari. Tena mwandishi hakulazimika kubuni jiografia. Alichukua ramani ya mji, akauliza maji yamekwenda wapi.

Johannesburg ina somo tofauti. Lauren Beukes, katika Zoo City ya mwaka 2010, riwaya iliyoshinda tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka uliofuata, anaandika juu ya watu ambao, kwa kubeba hatia nzito kama ya kuua, wanajikuta wameambatanishwa na mnyama. Zinzi December, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuharibiwa na dawa za kulevya, anatembea Hillbrow na mnyama mvivu mgongoni, wa jamii ile inayoning'inia kwenye miti ya Amerika ya Kusini. Pamoja na mnyama kunakuja kipaji, kinachoitwa shavi kwa neno la Kishona. Kipaji cha Zinzi ni kuona nyuzi zinazomfunga mtu na vitu alivyopoteza. Mnyama akifa, giza lisiloelezeka huja kumchukua mwenye mnyama. Hakuna baraza wala Kilatini, na hakuna anayejua kwa hakika jambo hili limetoka wapi. Watu wana nadharia tu, kila mtu na yake.

Hata hivyo masharti yapo, tena makali. Mnyama haachwi nyumbani. Kila mtu mtaani anaiona hatia yako kabla hujafungua mdomo, na mwenye nyumba, mlinzi na mwajiri wanakupokea kwa kuliona hilo. Mpenzi wa Zinzi ni mkimbizi kutoka Kongo aliyeacha familia nyuma, na alama ya mnyama inakaa juu ya alama nyingine ambazo mji ule ulikwisha kuwabandika wageni. Beukes anatuonyesha kwamba si lazima ueleze chanzo cha uchawi. Msomaji anavumilia fumbo. Asichovumilia ni sharti linalofanya kazi leo na kusahauliwa kesho kwa kuwa mwandishi amebanwa.

Sisi nasi hatuanzi na mikono mitupu. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, alimpa Adili manyani wawili ambao lazima awachape kila usiku. Manyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa kwa ubaya wao, na asipowachapa, jini aliyeweka amri atamwadhibu yeye. Hilo ni sharti lenye gharama, linajirudia kila siku, na linamuumiza mtu mwema aliyelibeba. Riwaya yote imening'inia hapo. Muhammed Said Abdulla naye, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, alimweka mpelelezi Bwana Msa mbele ya mauaji yaliyotokea kwenye mzimu, mahali ambapo watu walikuwa tayari kuamini lolote, naye Msa akayatatua kwa akili. Wasome wote wawili kabla hujanunua kitabu kipya cha kigeni.

Nijaribu kukuonyesha kazi yenyewe kwa mfano wa mji ninaodhani wengi wenu mnaujua. Tuseme riwaya yako iko Dar es Salaam. Usianze na nguvu. Anza na kitu ambacho mji tayari unakitii. Mimi ningechagua maji ya bahari. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani hiyo inazidi mita 3. Wakati wa maji mafu, bahari inajivuta kidogo tu. Basi sharti la kwanza: nguvu ya shujaa inafuata maji. Bamvua ana nguvu kubwa, maji mafu hana karibu chochote. Sharti la pili: nguvu inafika pale maji ya chumvi yanapofika. Anaweza kufanya kazi Kivukoni, Magogoni, ufukweni Coco, na ndani ya mlango wa Mto Msimbazi, kwenye mikoko chini ya Daraja la Selander. Akienda Kimara yeye ni mtu kama wewe na mimi. Akiitwa Dodoma kutoa ushahidi, amekwisha.

Ona masharti mawili yalivyofanya. Una kalenda. Msomaji anaweza kuhesabu siku, na adui anaweza kuhesabu pia, kwa hiyo atapiga wakati wa maji mafu. Una ramani. Mtu anayetaka kumtoroka shujaa atapanda daladala kuelekea bara, na mtu anayetaka kumdhulumu atahamishia kesi mbali na pwani. Una hata siasa, kwa kuwa anayefukia mkoko ili ajenge anazika nguvu za watu bila kujua, au kwa kujua.

Inabaki gharama. Waandishi wengi hukimbilia damu, umri au kumbukumbu, na zote zimechoka. Tafuta gharama inayoonekana mezani. Tuseme anayetumia nguvu hii hawezi kunywa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, mpaka bahari igeuke. Ni saa sita za kiu katika joto la Februari. Midomo inakauka, sauti inakwama, naye anauza samaki na lazima anadi bei. Kila mtu mtaani anajua maana ya kiu, kwa hiyo hutahitaji kueleza ukubwa wa sadaka yake. Akitumia nguvu mara ya pili kabla maji hayajageuka, msomaji mwenyewe atamwambia acha.

Masharti hayo usiyatoe kwa hotuba. Hakuna kinachoua fantasia haraka kama mzee mwenye ndevu anayekaa chini na kueleza kanuni zote kwa kurasa nne. Yaingize katika mazungumzo ya watu wanaoishi nayo.

“Shikamoo bibi. Leo nivuke?”

“Marahaba. Maji mafu leo, mjukuu wangu. Ukivuka, unavuka peke yako.”

Hiyo inatosha kwa sura ya kwanza. Katika sura ya nne, mwonyeshe akivuka licha ya onyo na kushindwa. Msomaji anajifunza sharti kwa kushindwa kwa shujaa zaidi kuliko kwa kushinda kwake, na akilijifunza hivyo halisahau. Kisha usiongeze nguvu mpya mpaka uwe umeichimba hii hadi mwisho. Je, mtu aliyebeba dumu la maji ya bahari anaweza kupanda nalo hadi Ubungo? Maji hayo yanadumu saa ngapi? Swali moja la aina hiyo lina faida kuliko majini saba wapya.

Fikiria pia serikali. Mji una mamlaka, na wenye mamlaka hawakai kimya mbele ya nguvu wasiyoitoza kodi. Butcher ana baraza, Aaronovitch ana polisi. Sisi tuna sheria za uchawi zilizoandikwa na wakoloni, ya Kenya mwaka 1925 na ya Tanganyika mwaka 1928. Tuna pia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye kwa hakika angejua kabla ya polisi. Mpe nafasi.

Kuna mpaka mmoja ambao nakuomba usiuvuke, na hapa sizungumzii ufundi peke yake. Katika nchi zetu uchawi una wahanga wa kweli. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu kuna waliouziwa uongo kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Vikongwe wameuawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoungua kwa miaka mingi ya moshi wa kuni. Mwandishi wa Chicago anaweza kuchezea unywele na damu kama viungo vya dawa bila mtu wa jirani yake kudhurika. Wewe huna nafasi hiyo. Usiandike riwaya ambayo kiungo cha mwenye ualbino kinafanya kazi, hata mikononi mwa mhalifu, hata kama mhalifu anaadhibiwa mwishoni, kwa kuwa ukurasa wako utakuwa umekubali kwamba dawa ilikuwa ya kweli. Usimfanye bibi mwenye macho mekundu awe mchawi kwa sababu tu sura yake inatisha. Mhalifu wako akiamini uongo huo, onyesha kwamba ni uongo, na kwamba anaua bure. Hili halikupunguzii chochote, kwa kuwa uchawi ni wako na wewe ndiye unayeamua unatokana na nini.

Mswada ukikamilika, usiupeleke kwa mchapishaji mara moja. Mpe mtu mmoja anayependa kusoma na asiyekuogopa, umwombe asimame sura moja kabla ya pambano la mwisho. Mwulize shujaa anaweza nini kuanzia hapo, hawezi nini, na atalipa nini akijaribu. Akijibu bila kusita, achia sura ya mwisho ifanye kazi yake. Akisita, usiiguse sura ya mwisho. Rudi kwenye ya kwanza.